Upana kwa Kimo: Jina la Umbo la Skrini na Namna ya Kulichagua

Mwagize fundi wa mbao mjini Bungoma akuundie fremu ya skrini yenye "urefu wa futi nane na upana wa futi nne na nusu", kisha uende zako. Huenda ukirudi ukakuta fremu ya kulala, kama ulivyotaka. Huenda pia ukakuta kitu kimesimama kama mlango, na hutakuwa na la kumlaumu fundi, maana mti ni mrefu na barabara vilevile ni ndefu. Ndiyo sababu fundi aliyezoea kazi hukatiza maagizo na kuuliza, "Huo urefu ni wa kusimama ama wa kulala, boss?" Swali hilo lina elimu kuliko istilahi kadhaa zilizotungwa kwa ajili ya jambo lilelile.

Jambo lenyewe ni lile ambalo kwa Kiingereza huitwa aspect ratio. Mwenye projekta hukutana nalo kwanza kwenye rimoti, penye kitufe kilichoandikwa Aspect, akakibonyeza, akaona picha inanenepa au inakonda, akakiacha. Hesabu yake ni nyepesi: unagawanya upana wa picha kwa kimo chake. Picha yenye upana wa futi 8 na kimo cha futi 4 na nusu ina uwiano wa 16:9, ambao ni sawa na 1.78 kwa moja. Namba hiyo haisemi skrini ni kubwa au ndogo. Televisheni ya chumbani na ukuta mzima wa ukumbi wa harusi vyaweza kuwa na uwiano mmoja. Kinachosemwa ni umbo tu.

Kuliita umbo hilo kwa Kiswahili ndiko kumekuwa na taabu. Tafsiri za mashine zimetuletea "uwiano wa kipengele", na anayeelewa hapo kinachozungumzwa anastahili zawadi. Kipengele ni cha sheria, cha mkataba, cha mada. Skrini haina kipengele. "Uwiano wa sura" ni afadhali kidogo, ila msikilizaji atadhani tunapima nyuso za watu. "Uwiano wa pande" unaeleweka upesi, na ningeukubali kama ungesema ni upande upi unaotangulia. Na "uwiano wa urefu na upana", ambao ndio unaowajia wengi, unaturudisha kwa fundi wetu na swali lake.

Neno la kutatua fumbo hili tunalo, ila tumeliacha kwenye maelezo ya watu: kimo. Shule za msingi Tanzania hutafuta eneo la pembetatu kwa kitako na kimo, wala mtoto hachanganyikiwi, kwa kuwa kimo hakilali. Huanzia chini kikapanda, kiwe cha mtu, cha ukuta au cha skrini. Basi naona istilahi kamili iwe uwiano wa upana kwa kimo. Katika mazungumzo "uwiano wa skrini" unatosha, mradi wanaozungumza wamekubaliana kwamba namba ya kwanza ni ya upana. Hiyo "kwa" si ngeni dukani: wauza mbao husema mbili kwa nne, wauza plaiwudi husema nane kwa nne. 16:9 isomwe kumi na sita kwa tisa, na 2.39:1 isomwe mbili nukta tatu tisa kwa moja. Skrini yenyewe wapo waliopendekeza iitwe kiwambo, kutokana na kuwamba, kama ngozi inavyowambwa kwenye ngoma. Ni neno zuri, tena linaeleza kazi, kwa sababu skrini isiyowambwa vizuri hufanya mawimbi na kupinda nyuso. Lakini kwenye maduka ya Kitale skrini imeshashinda na sioni haja ya kupigana nayo. Vita vingine ni dhidi ya "hom thieta": ukilitamka Kenya, mwenye duka atakuonyesha spika tano na wufa, si ukuta wa kutazamia filamu. Mimi nasema sinema ya nyumbani.

Mtego wa pili uko kwenye inchi. Skrini huuzwa kwa kipimo cha kona hadi kona, kama televisheni. Chukua skrini tatu, zote za inchi 100. Ya 4:3 ina upana wa inchi 80 na kimo cha inchi 60. Ya 16:9 ina takriban 87 kwa 49. Ile ya filamu pana, 2.35:1, ina 92 kwa 39. Zote zimeandikwa inchi 100 kwenye boksi, lakini kutoka ya kwanza hadi ya tatu kimo kimeshuka kwa inchi 21, na eneo la picha limepungua kwa robo. Anayelinganisha bei za skrini za inchi 100 bila kuuliza uwiano analinganisha vitu visivyolingana.

Maumbo haya hayakushuka kutoka mbinguni. 4:3 ilitoka katika maabara ya Edison, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1890, pale William Dickson alipoamua kwamba kwenye ukanda wa milimita 35 kila picha ichukue nafasi ya matundu manne ya pembeni. Sauti ilipoingia kwenye ukanda na kula sehemu ya picha, Hollywood ilisawazisha mambo mwaka 1932 kwa 1.37:1, na macho ya watazamaji hayakuona tofauti. Huku kwetu, filamu za mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao Vugiri katika milima ya Usambara kati ya 1935 na 1937, zilikuwa za milimita 16 na za umbo hilohilo, na ndizo zilizozungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya na Uganda zikaonyeshwa usiku kwenye viwanja vya vijiji. Televisheni ya Kenya ilipoanza mwaka 1962 ililirithi. Ukitaka kuliona bila rula, tandaza leso moja: sentimita 150 kwa 110 hivi, uwiano wa 1.36.

Kisha televisheni ikaanza kuwanyang'anya wenye sinema watazamaji, nao wakajibu kwa upana. Septemba 1953 filamu ya The Robe ilionyeshwa New York kwa mtindo wa CinemaScope, uliotumia lenzi ya Mfaransa Henri Chrétien. Lenzi ya kamera hubana picha kutoka pembeni ili iingie kwenye ukanda wa kawaida, na lenzi ya projekta huikunjua tena ukutani. Uwiano ulianza juu ya 2.5, ukashuka hadi 2.35 na leo umetulia kwenye 2.39. Ndiyo maana mpaka sasa filamu kubwa nyingi huja na milia myeusi juu na chini, na ndiyo maana kuna mtu jirani yako anayeamini kwamba televisheni yake ina kasoro.

16:9 ni mtoto wa suluhu. Katika miaka ya 1980 mhandisi Kerns Powers alikata mistatili ya karatasi yenye eneo sawa, kila mmoja ukiwa na uwiano mmojawapo uliokuwa ukitumika, kuanzia 1.33 hadi 2.35, akaipanga mmoja juu ya mwingine vitovu vikiwa pamoja. Aligundua kwamba mstatili wa nje unaoizunguka yote, na ule wa ndani unaofunikwa na yote, vyote viwili vina uwiano wa karibu 1.78. Hakuna filamu iliyokuwa na umbo hilo wakati ule. Lilichaguliwa kwa sababu halionei upande wowote kupita kiasi. Kenya ilipozima mitambo ya analojia mwaka 2015 na kila nyumba ikahitaji king'amuzi, 16:9 ndiyo iliyobaki sebuleni.

Sasa tuingie sebuleni. Watu hufikiri swali la kwanza ni "napenda filamu gani?" Mimi naona swali la kwanza ni la rula: kwenye ukuta wako, kinachobana ni kimo au ni upana? Tuseme ukuta una futi 12 na dari liko futi 9. Chini ondoa futi 3, kwa ajili ya kabati na vichwa vya wanaoketi mbele. Juu ondoa nusu futi. Umebaki na kimo cha futi 5 na nusu. Skrini ya 16:9 yenye upana wa futi 8 inadai kimo cha futi 4 na nusu, nayo inaingia pamoja na fremu yake, na pembeni panabaki nafasi ya spika. Ya 4:3 yenye upana uleule inadai futi 6. Imeshagonga dari.

Chukua nyumba ya kupanga Bungoma yenye ukuta wa futi 10 na mlango uliokula futi 3 za kona. Kinachobana hapo ni upana. Ukinunua skrini ya 2.35:1 kwa sababu umesoma kwamba ndiyo "ya sinema ya kweli", unajipunja: filamu pana itakuwa na ukubwa uleule ambao ungeupata kwenye 16:9 yenye upana huohuo, ila mpira, habari na vipindi vitakuwa vidogo zaidi. Kinyume chake, aliyejenga shambani nje ya Kitale akawa na sebule ndefu, kisha akashusha dari kwa jipsamu na kupachika taa kwenye ukingo, huyo amebanwa na kimo. Kwake skrini pana ni nyongeza tupu. Mpira unapata kimo chote kilichopo, na filamu inajinyoosha kulia na kushoto.

Hapo tumefika kwenye ubishi mkubwa wa wapenda sinema, na Kiswahili kinaweza kuubeba bila shida. Kuna kambi ya kimo thabiti: picha zote ziwe na kimo kimoja, tofauti iwe upana. Kumbi nyingi za zamani zilifanya hivyo, na pazia la pembeni lilivutwa kando zamu ya filamu pana ilipofika. Kuna kambi ya upana thabiti: skrini ni 16:9, na filamu pana huachwa iliwe juu na chini. Kwenye skrini ya 16:9 ya inchi 100, filamu ya 2.39 hubaki na kimo cha inchi 36 na nusu kati ya 49; robo ya skrini ni giza. Vipindi vya zamani vya 4:3, kama Vioja Mahakamani za enzi zile, hupoteza inchi 11 kila upande. Kimo thabiti kina raha yake, lakini kinataka projekta yenye lenzi inayokumbuka vipimo vyake, au ukubali kuinuka kitini na kurekebisha zumu kila unapohama kutoka taarifa ya habari kwenda filamu. Nani atafanya hivyo watoto wakipiga kelele?

Ukuta ukishapimwa, ndipo uje kwenye unachotazama. Nyumba ambayo wikendi yake ni mechi za Ligi Kuu ya Uingereza haina la kufikiri: mpira huja kwa 16:9. Tamthilia nyingi mpya za intaneti, Stranger Things ikiwamo, zimepigwa kwa 2:1. Filamu za kupigana zinazosimuliwa kwa Kiswahili na DJ Afro huja kwa maumbo ya kila aina, kwa sababu nakala zake zimepita mikononi mwa wengi, na nyingine zimeshakatwa au kubanwa kabla hazijakufikia.

Projekta nayo ina umbo lake la kuzaliwa, na hapa ndipo wanunuzi wa mitumba huumia. Projekta nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwa jina la ex-UK zilikuwa za ofisi na madarasa: doti 1024 kwa 768, ambayo ni 4:3, au 1280 kwa 800, ambayo ni 16:10. Kwenye ile ya kwanza, filamu ya 2.39 hutumia mistari 428 tu kati ya 768. Mwanga unaoangukia milia myeusi umepotea, kwa hiyo projekta iliyoandikwa lumeni 3,000 inaitendea filamu yako kama ya lumeni 1,700 au chini kidogo, hata kabla ya kuhesabu uzee wa taa. Ile ya 16:10 haina neno: mpira hutumia mistari 720 kati ya 800, asilimia 90. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya hizo mbili kwa bei zinazokaribiana, chukua ya 16:10 hata kama ya 4:3 imeandikwa lumeni nyingi zaidi.

Tena kuna skrini za miguu mitatu, zile za kuvuta juu, ambazo makanisa na shule hununua. Nyingi ni mraba: inchi 70 kwa 70, 84 kwa 84, 96 kwa 96. Mraba ulikuwa na maana enzi za slaidi, kwa sababu slaidi moja iliweza kuja imelala na inayofuata ikaja imesimama, na zote zilipaswa kuenea. Kwa sinema ya nyumbani maana hiyo haipo. Weka picha ya 16:9 kwenye mraba wa 96 na utatumia kimo cha inchi 54. Inchi 42 za kitambaa cheupe zinabaki chini zikiokota mwanga wa chumba na kuififiza picha iliyo juu yake. Ukiwa nayo tayari, usiitupe. Ivute mpaka kimo kinachotakiwa tu, maana nyingi zina ndoano ya kuishikilia kwenye hatua kadhaa.

Kwa mtu anayejenga yake, nina upendeleo wangu, nao ni plaiwudi. Bamba la kawaida kwenye hadiwea yoyote ya Kitale au Bungoma ni futi 8 kwa 4, uwiano wa 2:1 kamili. Mpiga picha Mwitaliano Vittorio Storaro alipopendekeza 2:1 mwaka 1998 kama umbo la kuunganisha sinema na televisheni, hakuwa akifikiria hadiwea zetu, lakini hesabu inatufaa. Picha ya 16:9 ikijaza kimo cha inchi 48 inapata upana wa inchi 85, ikiacha inchi 5 hivi kila upande. Filamu ya 2.40 ikijaza upana wa inchi 96 inapata kimo cha inchi 40, ikiacha inchi 4 juu na 4 chini. Maeneo ya picha hizo mbili hupishana kwa asilimia 6 tu, kwa hiyo hakuna inayoonewa. Na kuhama kutoka moja kwenda nyingine kunahitaji kuikuza picha mara 1.13, ambako hata projekta ya ofisi yenye zumu ya mara 1.2 inakuweza, ingawa itabidi uiinue au uishushe kidogo ili picha irudi katikati.

Kazi yenyewe iko kwenye uso na kwenye ukingo. Chagua bamba lisilopinda, lisuguliwe kwa msasa mpaka kiganja kisihisi nyuzi za mti, lipakwe rangi nyeupe isiyong'aa. Rangi inayong'aa hurudisha doa la taa ya projekta katikati ya picha, na doa hilo likishaonekana mara moja halisahauliki. Ukingo uwe mweusi, wa velveti ya inchi 4 hadi 6 iliyobandikwa kwenye mbao za fremu. Velveti si pambo: milia "myeusi" ya projekta kwa kweli ni kijivu, na picha ikikuzwa milia hiyo humwagika nje ya bamba, ikamezwa na kitambaa.

Kosa moja sitalivumilia hata kwa mwenyeji aliyeniandalia chai, nalo ni kuvuta picha ili ijaze skrini. Mtu hupenda kutumia kila inchi aliyolipia, akabonyeza kile kitufe cha Aspect mpaka milia itoweke. Kipindi cha 4:3 kikivutwa kuwa 16:9 hupanuliwa kwa theluthi moja bila kuongezewa kimo. Hakimu wa Vioja Mahakamani anakuwa na mabega ya mpiga ndondi, mpira unakuwa yai, na saa ya ukutani inakuwa ya mviringo uliolala. Kipimo cha haraka ni hicho: tafuta kitu cha duara kwenye picha, gurudumu au saa, upime upana wake na kimo chake. Visipolingana, irudishe mahali pake. Milia myeusi si sehemu ya picha iliyoibiwa. Ni mahali ambapo mpiga picha hakuweka kitu.

Na kwa walio Kitale peke yao: mji wenu umepita mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali Bungoma uko karibu na mita 1,400. Vitabu vya projekta nyingi husema kwamba kuanzia mita 1,500 uwashe mpangilio wa nyanda za juu, kwa kuwa hewa nyepesi haipoozi taa vizuri na feni lazima ikimbie zaidi. Projekta iliyokuwa kimya kwa shemeji yako Bungoma itavuma kwako. Usiuzime mpangilio huo kwa kuchukia kelele; sogeza projekta nyuma ya viti.

Ukienda dukani, usikubali kuuziwa "inchi 100". Uliza upana ni inchi ngapi na kimo ni inchi ngapi, uandike kwa mpangilio huo, upana kwanza. Na kwa fundi, tupa neno urefu kabisa: mwandikie kwenye karatasi "upana futi 8, kimo futi 4", chora mstatili uliolala, mpe.